Kata Kipande Kimoja

Maganzo,
11 Agosti 2024

Pacha wangu Doto,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo huko Segese? Mabega yanaendeleaje na hayo magunia ya buti na makoleo unayoyashusha dukani kwako? Huku tu wazima. Mayu magoti yanamsumbua kama kawaida, mdomo hauna tatizo, anakusalimu na anauliza utakuja lini umwone mama yako. Mimi ni mzima pia, ila nina hasira, na utaisoma sasa hivi.

Jumatano umenikatia simu. Mimi! Umesema nikikupigia naongea peke yangu, sentensi zako nakumalizia mimi, na kama nina la kukuambia nikuandikie barua ili na wewe upate nafasi ya kujibu mpaka mwisho. Haya, nimekaa mezani, mtu mzima, mama wa binti anayeolewa, naandika barua kama mwanafunzi wa bweni anayeomba sabuni. Umefurahi?

Sendofu ya Lusia, ya kumuaga kabla hajaenda kufungia ndoa ukweni, ni Jumamosi tarehe 28 Septemba, hapa hapa Maganzo. Sina haja ya kukukumbusha Lusia ni nani. Mungu alinipa mimi mtoto mmoja na wewe hakukupa, tukamlea wawili, na mpaka leo akiita "mama" tunaitika wote. Kamati imeshachagua sare. Akina mama wote watavaa kitenge cha njano chenye maua ya zambarau. Sisi wawili, kwa kuwa ndio tunaomwingiza bibi harusi ukumbini, tuna mshono wetu: mikono ya puto, rinda kiunoni, kilemba kikubwa. Fundi Mihayo ameshamaliza magauni yote mawili. Sikuona sababu ya kukusumbua uje kupimwa, nilimpa vipimo vyangu, maana vyangu ndivyo vyako. Gauni lako liko ndani ya mfuko huu anaokuletea dereva Wiliam na lori lake la Fuso.

Sasa hilo neno lako la Jumatano, kwamba hutavaa kwa sababu siku hizi una mtindo wako. Mtindo gani? Tangu lini mtu aliyezaliwa wawili akawa na mtindo wake? Toka tumbo la Mayu tumevaa sawa, tumenyolewa sawa, hata ubatizo tulivalishwa vitambaa vilivyokatwa kwenye shuka moja. Leo umeuza buti kwa wachimbaji miaka mitatu, umeota mtindo!

Vaa hilo gauni, jitazame, halafu unipigie unishukuru.

Ni mimi pacha wako,
Kulwa

*

Segese,
19 Agosti 2024

Kwa dada yangu Kulwa,

Milele, amina. Mimi sijambo, mabega hayajambo. Mpe Mayu shikamoo yangu, mwambie ile dawa ya kuchua magoti nitakuja nayo. Lusia mwambie nampenda.

Gauni nimelipokea. Limefika mabegani likakataa kuendelea. Nilivuta, mshono wa kwapa ukaachia, nikakaa kitandani mikono imekwama juu nikimwita jirani aje anitoe. Kulwa, nina mabega ya mtu anayeshusha magunia, umeyauliza mwenyewe kwenye barua yako! Umeyauliza, ukajibu "vyangu ndivyo vyako," ukampa fundi mwili wako wewe. Hivi ndivyo ilivyo tangu tuzaliwe. Unapimwa wewe, navaa mimi.

Unataka kujua mtindo ulitoka wapi, nitakuambia, na safari hii utasoma mpaka mwisho. Mwaka jana nilitundika ukutani picha yetu ile ya kipaimara. Mteja mmoja alikuja kulipia kofia ngumu, akaitazama, akauliza, "Wewe ni yupi hapo?" Nikaisogelea. Magauni sawa, soksi sawa, utepe sawa. Sikujua mimi ni yupi. Akacheka, akaondoka na kofia yake, mimi nikafunga duka mapema nikaenda kulala na hasira ambayo sikujua namkasirikia nani. Siku hizi najua.

Kesho yake nikaenda kwa fundi wa hapa, anaitwa Safiya, nikamwambia anishonee gauni. Akaniuliza nataka shingo ya namna gani. Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia asubiri kidogo nimpigie dada. Nilikuwa nimeshatoa simu mfukoni, mtu wa miaka arobaini, nataka kuuliza Maganzo napenda shingo gani. Nikairudisha. Nikamwambia shingo ya mviringo, bila kitu, na hata kabla sijamaliza kusema nilijua kuwa ndiyo ninayoipenda.

Sasa nakuambia ninachopenda, kwa sababu hujawahi kuuliza. Napenda kijani kilichokolea kisicho na ua hata moja. Napenda mkono unaoishia chini ya kiwiko ili nifanye kazi. Napenda mifuko miwili mikubwa, mmoja wa funguo, mmoja wa futi ya kupimia kamba. Sipendi rinda. Sipendi puto. Njano inanifanya nionekane mgonjwa. Na nimejiwekea lengo, nimelibandika ndani ya mlango wa kabati: ikifika Krismasi, humo ndani isiwemo nguo hata moja iliyochaguliwa na mtu mwingine. Nilipolifungua mara ya kwanza kwa macho hayo nilikuta sare za harusi za watu, sare za misiba ya watu, na nyingine zote ni zako. Zangu hazikuwepo. Nimeanza kuzigawa.

Kwenye sendofu ya mwanetu nitakuja, nitacheza mpaka viatu vikatike. Nitavaa la kijani.

Mdogo wako,
Doto

*

Maganzo,
27 Agosti 2024

Doto,

Salamu nakupa kwa sababu Mayu amekaa hapa anatazama kalamu yangu. Hujambo. Tu wazima. Basi.

Unazigawa! Nguo nilizokuwa nikisimama juani pale dukani kwa Ngassa nikizichagua, mbili mbili, unazigawa kwa watu wa Segese! Nimemaliza kusoma barua yako nikaitupa, nikaiokota, nikaisoma tena, nikaitupa tena. Lusia amekuja kuniuliza kama kuna msiba.

Wewe unadhani kuchagua kwangu ni raha? Unadhani naamka asubuhi natamani kukutawala? Umesahau lile gauni jekundu, au unajifanya. Tulikuwa na miaka sita. Baba mkubwa alirudi kutoka Mwadui na gauni moja, moja tu, kwa sababu dukani lilikuwa limebaki hilo. Mayu alikataa kulipokea, anajua mapacha hawapewi kimoja. Mimi nikalia, nikagaragara chini, mpaka akanivalisha. Nilizunguka nalo mtaa mzima siku nzima. Kabla wiki haijaisha wewe ulikuwa umelala na surua, macho yamefunga, hunywi hata maji. Mayu aliniita jikoni, akanivua lile gauni, akaliweka motoni mbele yangu. Akaniambia, "Ukimzidi mwenzako, anaondoka." Hilo tu. Ukapona.

Tangu siku hiyo sijanunua kitu kimoja. Hata leso, Doto. Hata ndala za chooni. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiniletea zawadi naificha mpaka nikapate ya kwako ndipo naivaa. Wewe unaita kutawala. Mimi naogopa! Nimeogopa maisha yangu yote, na wewe umekaa Segese unabandika malengo kwenye mlango wa kabati.

Gauni nitalipanua mabegani, lirudishe na Wiliam. Mayu amesema mwanetu hataingizwa ukumbini na mapacha waliovaa tofauti, siku ya kheri haianzwi hivyo. Vaa sare. Kama huwezi kuvaa sare, usije.

Pacha wako, utake usitake,
Kulwa

*

Segese,
4 Septemba 2024

Kulwa,

Shikamoo kwa Mayu. Wengine wote hamjambo.

Surua ile iliuguza mtaa mzima. Waliugua watoto wa mwalimu, aliugua Masalu wa jirani, na Masalu hana pacha na alikuwa hana hata kaptula mpya. Niliugua kwa sababu hatukuchanjwa. Ulikuwa mtoto, hukujua. Sasa una miaka arobaini na moja na kadi za kliniki za Lusia umezitunza zote, chanjo zake hukukosa hata moja. Unajua vizuri surua inatoka wapi.

Nakuhurumia kwa kile ulichofanyiwa pale jikoni, nakuhurumia kweli, na sikuwahi kukisikia mpaka juzi kwenye barua yako. Lakini siwezi kuvaa hofu yako. Inanibana mabega.

Gauni hilo hapo, nimelikunja vizuri, usilipanue. Nitakuja. Nitavaa langu. Na kama kuna mtu wa kunizuia mlangoni, awe ni wewe mwenyewe kwa mkono wako.

Mdogo wako,
Doto

*

Segese,
1 Oktoba 2024

Kulwa,

Leo sina salamu. Salamu zote nilizokuwa nazo nilizibeba Jumamosi kuzileta Maganzo, nikarudi nazo.

Basi liliharibika Tinde. Simu iliisha chaji nikiwa bado kando ya barabara na zawadi ya Lusia mapajani. Nilipofika ukumbini muziki ulikuwa umeshawaka, watu wamesimama wote. Nikasimama karibu na mlango, pembeni ya spika, navuta pumzi, najifuta vumbi kwenye gauni langu ili nije mbele. Ndipo mshereheshaji akasema, "Anaingia binti yetu Lusia, akisindikizwa na mama zake wawili, mapacha wetu, Kulwa naaa Dotooo!" Ukumbi mzima vigelegele.

Nikajua umeniona. Nikapiga hatua moja. Halafu nikawaona mnapita, Lusia katikati, wewe kulia, na kushoto mtu wa njano, rinda, puto, kilemba mpaka kwenye nyusi. Mimi huyo, napita, napunga mkono. Kulwa, kwa muda nilidhani nimechanganyikiwa kichwa. Mpaka alipogeuka kuketi nikamjua kwa kuchechemea. Zuwena! Jirani yako Zuwena, amevaa gauni nililokurudishia, anaitikia jina langu.

Na hakuna aliyejua. Ukumbi umejaa watu waliotuona tukikua, na hakuna hata mmoja aliyesema huyu siye. Mama Ignas, ambaye alinibeba mgongoni, alikuwa anampungia Zuwena na kupiga kelele, "Doto, umependeza, mwanangu!" Kisha akageuka, akanikuta mimi nimesimama njiani, akaniambia, "Samahani, mgeni, nipishe nipite."

Nikampisha.

Ulisema nisipovaa sare nisije. Kumbe hukuhitaji nije. Ulikuwa unahitaji magauni yawe mawili, na yeyote wa kulijaza la pili anafaa. Miaka yote hii nilidhani unanivalisha mimi.

Zawadi nimemwachia mlinzi. Usiniandikie.

Doto

*

Maganzo,
8 Oktoba 2024

Doto,

Hujambo? Nakuandikia. Ulidhani sitaandika?

Zawadi imefika, Lusia ameifungua akalia, na tangu hapo haongei na mimi vizuri. Mayu naye ananilaumu wakati yeye ndiye chanzo. Kwa hiyo nyumba nzima imeninunia, na wewe umeninunia, na mimi nimewanunia wote.

Sikiliza ilivyokuwa. Saa kumi na moja hujafika. Simu haipatikani. Kamati inanipigia kelele, wakwe wameshakaa, chakula kinapoa. Mayu akashika mlango wa chumba cha bibi harusi akasema mtoto hatoki na mama mmoja. Akasema pacha akisimama peke yake mbele za watu, watu watauliza mwingine amezikwa wapi. Ningefanya nini? Zuwena alikuwa anapita na sinia la vikombe. Ana kimo chetu. Nikamvuta ndani, nikamvalisha mwenyewe, akawa anakataa na mimi namfunga kilemba. Nilifanya hivyo ili jina lako litajwe! Ili usikose kwenye sendofu ya mwanao!

Na wewe ulikuwa mlangoni. Kwa nini hukuja mbele? Ungefika ungesema "Doto ni mimi hapa," ningemvua Zuwena kile kilemba mbele ya wakwe na mshereheshaji, Mungu ananiona. Lakini hapana, ukasimama pembeni ya spika na mfuko wako, ukageuka, ukaniachia niyasome haya kwenye karatasi. Nani alikufundisha kuondoka kimya kimya namna hiyo? Mimi siondokagi kimya.

Nimekasirika, utaona mwandiko ulivyo. Picha zimetoka. Zuwena yuko kwenye zote. Nimezitazama moja moja, na nakuambia ukweli kwa kuwa mimi si mwongo: kama ningekuwa sijamvalisha kwa mikono yangu, na mimi ningesema ni wewe.

Nijibu.

Pacha wako,
Kulwa

*

Maganzo,
10 Novemba 2024

Doto,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo? Safari hii nauliza kweli. Hujambo?

Mwezi umepita. Simu umenizuia, najua, kwa sababu nikipiga kwa simu ya Lusia inaita, ukisikia sauti yangu unakata. Sasa hata ya Lusia haiiti. Wiliam anasema amepita Segese mara mbili amekuta duka limefungwa. Limefungwa kwa nini? Wewe hujawahi kufunga duka, hata siku ya msiba wa baba ulifungua asubuhi kwanza.

Mayu hali chakula. Anakaa mlangoni anasema alijua, alisema, nguo zimetengana na mtoto wake ameondoka. Nimemwambia aache maneno hayo. Halafu usiku nikaingia kwenye kabati, nikatoa nguo zako ulizoacha hapa, nikazivaa mimi, moja juu ya nyingine. Sijui nilikuwa nafikiri nini.

Nimepita kwa Ngassa nikanunua kitenge kizuri sana, cha bluu, hakina njano hata kidogo. Vipande viwili. Chako hiki hapa, sijakishona, mshono utachagua wewe mwenyewe. Naona hiyo ni haki.

Usipojibu safari hii nitakuja mwenyewe nikupige mbele ya wateja wako wote. Andika hata neno moja. Hata tusi.

Kulwa

*

Segese,
18 Novemba 2024

Dada,

Milele, amina. Hilo ndilo neno, na mengine haya hapa. Niko hai. Siumwi. Sijawahi hata kupata mafua tangu Septemba. Nilifunga duka kwenda Geita mjini kuleta mzigo mpya wa taa za kichwani, na simu iliingia maji. Mwambie Mayu ale. Mwambie mwanawe wa kijani anakula ugali na sato kila siku na gauni limeanza kumbana tumboni.

Nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa na hasira, na bado ninayo. Isome sawasawa: ni hasira, siyo ugonjwa. Mtu anaweza kukukasirikia na akaendelea kuwa mzima.

Umeniuliza kwa nini sikuja mbele. Kwa sababu sikutaka kuomba jina langu mwenyewe, Kulwa. Hata maskini wa mwisho jina lake haombi.

Lusia na mumewe walinipitia wiki iliyopita. Nilimuuliza alijuaje kwamba nilikuja. Akasema, "Mama mdogo, nilikuona toka mlangoni. Ukumbi mzima ulikuwa njano, na kulikuwa na kijani kimoja." Basi mtu mmoja alinijua, na alinijua kwa nguo yangu. Kwa ajili ya huyo mmoja nimepunguza kukuchukia.

Kitenge nakurudishia bila kukikata. Ni kizuri, sikatai. Lakini hata kuniachia mshono bado ni wewe uliyesimama kwa Ngassa ukawaza kwa ajili ya watu wawili. Acha. Usininunulie tena nguo, si leo, si Krismasi, si nikifa. Kabati langu sasa lina nguo chache, zinaning'inia bila kubanana, nikilifungua najiona mle ndani.

Nina swali moja, na ndilo nataka unijibu kuliko mengine yote. Wewe unapenda nini? Nimejaribu kukumbuka nikashindwa. Najua ulichotuchagulia tangu tuko watoto. Unachokipenda wewe, Kulwa, sikijui. Nadhani na wewe hukijui.

Mdogo wako,
Doto

*

Maganzo,
16 Desemba 2024

Doto,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo wewe na duka lako? Mayu magoti afadhali, dawa uliyotuma imemsaidia, anakula, anakusalimu kwa jina lako na anasema wabeja, anashukuru sana. Lusia ana dalili fulani asubuhi, sisemi zaidi, atakuambia mwenyewe.

Swali lako lilinikera wiki nzima. Nilikuwa nafua nakukasirikia, napika nakukasirikia. "Wewe unapenda nini?" Kama vile mimi mtoto! Mwisho nikasema nitakwenda kwa Ngassa nichukue kitambaa cha Krismasi, nikuonyeshe kwamba najua.

Nikafika. Ngassa akafurahi, akanitandikia vitambaa juu ya meza. Nikachukua kimoja nikajisemea, Doto hapendi maua. Nikaweka. Nikachukua cha kijani, nikasema hiki cha Doto. Nikaweka. Nikachukua kingine nikajiuliza kitakukaaje mabegani. Nilisimama pale mpaka wateja wakanipita. Doto, kila nikiangalia kitambaa nakuona wewe umekivaa. Mimi simo! Nikataka kukupigia nikuulize napenda nini. Nikakumbuka ile hadithi yako ya fundi, nikaona aibu, nikakasirika zaidi, nikamwambia Ngassa atoe vyote, hata vya rafu ya juu.

Na huko juu kulikuwa na chekundu. Chekundu cha kuwaka, chenye maua makubwa kama sahani, kelele tupu. Nikakishika, mkono ukakataa kuachia. Tangu lile gauni la Baba mkubwa sijavaa nyekundu. Sikujua kwamba sijavaa, mpaka pale mezani. Kumbe mimi ninapenda maua makubwa. Napenda puto, napenda rinda, napenda kuonekana toka stendi. Zile nguo zote ulizozichukia, Doto, zilikuwa zangu kweli. Kosa ni kwamba nilikuvalisha na wewe.

Ngassa alikuwa ameshapima na kukunja, anaanza kupima cha pili. Hakuniuliza, huwa haniulizi, miaka yote anakata viwili. Nikamwambia, "Ngassa, kata kipande kimoja."

Akaweka mkasi mezani. Akavua kofia. Watu wa dukani wakageuka. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Pole sana, Mama Lusia. Doto amefariki lini?"

Nilimtukana yule mzee, sitaandika hapa nilivyomtukana. Nilimtukana yeye, nikakutukana wewe, nikamtukana na Baba mkubwa kaburini. Halafu nikajikuta nalia mbele ya watu, nimekumbatia hicho kitambaa, nikamwambia, "Hajafa. Yuko Segese, mzima kabisa. Ana nguo zake."

Gauni litakuwa tayari tarehe 23. Krismasi nitasimama mlangoni mwenyewe kukupokea, nimelivaa. Naogopa, kwa hiyo ukishuka kwenye basi usichelewe njiani kusalimiana na watu. Njoo moja kwa moja, nikuone.

Dada yako,
Kulwa